Gego Huzibwa Likiwa Kavu

Hotuba kwa wazazi na walimu, Lamu Mjini, baada ya sala ya alasiri

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh zetu, maalimu, mama zangu na baba zangu, na nyinyi ndugu zangu mliovuka maji kutoka Faza, Siyu na Kizingitini, ahsanteni kwa kuja. Najua mashua za kurudi zinangoja maji, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika lililotukusanya.

Swali ninaloulizwa kuliko maswali yote, kliniki na hata njiani nikitoka sokoni, ni hili: "Daktari, gego la mwanangu limetoboka. Tulizibe kwa ile nyeupe au ile ya fedha? Ipi bora?" Na mwenye kuuliza mara nyingi keshaambiwa na jirani kwamba ya fedha ni sumu, au keshaambiwa na mwingine kwamba nyeupe haidumu. Nikilijibu swali hilo njiani hulijibu nusu, nalo jibu la nusu hufanya madhara. Leo nataka kulijibu lote. Na jibu langu halianzii kwenye rangi wala kwenye bei. Linaanzia kwenye mate.

Hili nyinyi mtalifahamu upesi, kwa kuwa hapa hakuna asiyewahi kuona chombo kikikalafatiwa. Fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, hashiki pamba na nyundo akakalafati jahazi linaelea. Hungoja bamvua, jahazi hupandishwa juu likaegemezwa magogo, likakauka, mbao zikakwanguliwa, ndipo pamba yenye mafuta isukumwe ndani ya nyufa, mpenyo baada ya mpenyo. Pamba iwe nzuri namna gani, ubao ukiwa na maji kalafati haishiki. Basi kinywa nacho ni bahari. Gego liko nyuma kabisa. Ulimi unalisukuma huku, shavu linalibana huku, na mfereji mmoja mkubwa wa mate unafungukia ndani ya shavu, mkabala hasa na magego ya juu. Mtu akifunguliwa kinywa na kuguswaguswa, mate ndiyo huzidi. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza tuzibe kwa kitu gani, niulizeni: gego hili laweza kuwekwa kavu kwa dakika ngapi? Nikiweza kujibu hilo, robo tatu ya swali la pili imekwisha kujibiwa.

Lakini kabla sijafika kwenye vitu vyenyewe vya kuzibia, niruhusuni nikae kidogo juu ya jino moja, kwa sababu ndilo linaloniuma moyo kuliko mengine.

Mtoto akifika kama miaka sita, nyuma ya meno yake yote ya utotoni huota gego jipya, moja kila upande, juu na chini, manne kwa jumla. Magego haya hayamsukumi mtu. Hakuna jino lililolegea, hakuna lililong'oka, hakuna damu, hakuna pengo la kuchekewa na wenzake. Mama anahesabu meno ya mbele yanayong'oka, na huku nyuma jino la maisha limeingia kimya. Likitoboka, nyumba nzima husema: "Hilo la utotoni, liacheni, litang'oka liote jingine." Halioti jingine, mama zangu. Hilo ndilo atakalotafunia akiwa na wajukuu.

Tena ni jino linalozaliwa na udhaifu wake. Ngozi yake ngumu ya nje, ile enameli, ikitoka tu bado haijakomaa. Huendelea kupokea madini kutoka kwenye mate kwa muda mrefu baada ya kuota. Huchukua mwaka mmoja au zaidi mpaka lipande likutane na mwenzake wa juu, na muda wote huo liko chini kidogo ya mengine, mswaki unapita juu yake bila kuligusa. Na usoni lina mabonde, mengine membamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Mkate wa sinia, halwa, kaimati, ubuyu wa rangi, vyote huacha kitu humo. Vijidudu hula sukari hiyo na kutoa asidi, na kila mtoto akionja tena, asidi huanza upya na kukaa kama nusu saa. Ndiyo maana soda moja inayonywewa kidogo kidogo tangu adhuhuri mpaka alasiri ni mbaya kuliko soda moja iliyonywewa mara moja na chakula.

Nimeletewa watoto wa miaka tisa ambao magego yao mawili ya chini yamebaki maganda. Hao siwazibii kwa fedha wala kwa nyeupe. Nawang'oa, na mama hulia mlangoni akiniambia hakujua. Nayaamini maneno yake. Hakuna aliyemwambia.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe.

Ile mnayoiita ya fedha jina lake ni amalgamu. Ni unga wa fedha, bati na shaba uliochanganywa na zebaki, na zebaki ndiyo karibu nusu ya uzito wake. Ikichanganywa huwa laini kama ugali mgumu, daktari huishindilia ndani ya tundu, huanza kukaza baada ya dakika chache, na nguvu yake kamili huipata baada ya kutwa moja. Ndiyo maana huambiwa usitafunie upande huo mpaka kesho. Wazungu walianza kuitumia mapema katika karne ya 19, na mwishoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Marekani, G. V. Black, akautengeneza mchanganyiko wake vizuri zaidi. Kwa zaidi ya miaka mia moja ndiyo iliyobeba magego ya dunia.

Sifa yake kubwa, na nataka muijue kwa sababu siku hizi hakuna anayeisema, ni kwamba haina madaha. Mate kidogo yakiingia haiharibiki yote. Haihitaji taa, haihitaji gundi. Ukingoni mwake huota kutu kidogo kadiri siku zinavyopita, na kutu hiyo huziba ufa mwembamba ulioko kati yake na jino. Wapo wazee humu mjini wenye amalgamu za miaka ishirini na zaidi, nyeusi tii, bado zinatafuna nyama.

Kasoro yake ya kwanza ni kwamba haishikani na jino. Ili isitoke, daktari hulazimika kulichonga tundu liwe pana ndani na jembamba mlangoni, kama chungu, na katika kuchonga huko hukata jino lililo zima. Gego likibakiwa na kuta nyembamba, mwisho mtu hutafuna kokwa ya tende na ukuta mmoja ukapasuka.

Kasoro ya pili ndiyo inayowatisha watu, yaani zebaki. Hapa nataka tutulie, kwa maana kuna ukweli na kuna kelele. Ni kweli mvuke kidogo sana wa zebaki hutoka mtu anapotafuna. Mwaka 2006 zilitolewa taarifa za majaribio mawili makubwa, moja la Marekani na jingine la Lisbon, Ureno. Watoto zaidi ya elfu moja kwa pamoja waligawanywa, wengine wakazibwa kwa amalgamu na wengine kwa nyeupe, wakafuatwa miaka mitano kule na saba huku. Walipimwa akili, kumbukumbu na mishipa ya fahamu. Wale wa amalgamu hawakuonekana kuwa nyuma ya wenzao. Kwa hiyo mtu mzima mwenye fedha kinywani mwake, imekaa salama, haina ufa wala jino haliumi, namwomba asiende kuichokonoa kwa hofu. Mvuke mwingi zaidi hutoka siku ya kuiweka na siku ya kuichimba. Ukiichimba bila sababu unajitia katika kile kile ulichokuwa unakikimbia, na jino unalipunguza tena.

Basi kwa nini dunia inaiacha? Jibu lake liko baharini, na sisi ni watu wa bahari. Huko Japani, kwenye ghuba ya Minamata, kiwanda kilimwaga majini zebaki ya namna mbaya kuliko zote. Samaki waliila, watu wakala samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: wavuvi na watoto wao wakitetemeka, wakipoteza kuona na kutembea, na watoto wakizaliwa wameathirika tayari. Zebaki ya meno si ile ile, lakini ikimwagwa kwenye sinki au kutupwa jaani huishia majini, na vijidudu vya matope huigeuza ikawa ile mbaya. Kisha hupanda kutoka samaki mdogo kwenda mkubwa, mpaka kwa papa, jodari na nduaro. Mkataba wa dunia wa kudhibiti zebaki, uliopewa jina la Minamata, ulitiwa saini mwaka 2013 na ukaanza kufanya kazi 2017. Mwaka 2022 wanachama walikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa meno ya utotoni, kwa walio chini ya miaka 15, wala kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, isipokuwa daktari aone lazima. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa jumla tangu Januari 2025, na Novemba mwaka huo huo, huko Geneva, nchi za mkataba zikakubaliana mwisho wake uwe 2034.

Mimi naunga mkono. Naunga mkono kama mtu aliyelelewa kwa samaki. Lakini nasema pia kwamba kitu kinachoondoka kilikuwa kikisamehe makosa, na kinachokuja badala yake hakisamehi. Mkilijua hilo ndipo mtaelewa kwa nini nazungumza juu ya mate.

Nyeupe ninayoisema ni kompositi. Ni resini, yaani aina ya plastiki, iliyojazwa vumbi laini la kioo. Fomula yake kuu ilitengenezwa na Mmarekani Rafael Bowen, akapata hataza mwaka 1962. Na njia ya kuishikiza kwenye jino ilitoka kwa mwenzake Michael Buonocore, ambaye mwaka 1955 alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi kwa muda mfupi huwa na vijitundu visivyoonekana, na resini ikiingia humo hunasa kama mizizi. Huo ni ufundi mkubwa. Maana yake ni kwamba sina haja ya kuchonga chungu. Naondoa kilichooza, naacha kilicho kizima, na kompositi inalishika jino na kulifunga pamoja. Rangi yake ni ya jino, nguvu yake inatosha gego, na mtu akitoka kitini anaweza kula.

Sasa sikilizeni inavyowekwa. Tundu linasafishwa. Linapakwa asidi, sekunde kumi na tano mpaka thelathini, linaoshwa, linakaushwa kwa kiasi. Inapakwa gundi, inamulikwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Kisha kompositi inawekwa tabaka tabaka, kwa kawaida kila tabaka si nene kuliko milimita mbili, na kila tabaka linamulikwa. Tundu la kina huweza kula tabaka tatu au nne. Katika muda wote huo, tone moja la mate likigusa, au damu ya ufizi, au hata mvuke wa pumzi, gundi imeharibika pale, nami siwezi kuiona kwa macho kwamba imeharibika. Tena kompositi ikikaza hujikunja kidogo, kama asilimia mbili mpaka tatu ya ukubwa wake. Ukiijaza yote kwa mara moja kwa haraka, hujivuta kutoka ukutani na kuacha ufa. Ufa huo ndio mlango wa vijidudu.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika kliniki moja mbali na hapa, alikuja mama mmoja mwenye tundu upande wa nyuma wa gego la chini, limeshuka mpaka chini ya ufizi. Alitaka nyeupe. Nami nilitaka kumridhisha. Sikuwa na msaidizi siku hiyo, pamba nilizoziweka zilikuwa zikilowa kabla sijamaliza kupaka gundi, na ufizi ulikuwa ukivuja damu. Niliona, na niliendelea. Lilitoka jino zuri la kupendeza. Baada ya mwaka na miezi miwili alirudi ameshika shavu. Kwa juu ile nyeupe ilikuwa bado inang'aa, na chini yake jino lilikuwa limekuwa matope. Lile jino hakulipoteza kwa sababu kompositi ni mbaya. Alilipoteza kwa sababu mimi niliiweka kwenye maji. Nalikumbuka kila ninapoona pamba imelowa, na tangu siku ile nikiona hapakauki, nasimama na kumwambia mgonjwa waziwazi.

Kuna kifaa cha kukausha, karatasi ya mpira inayotobolewa na kuvalishwa jino, likabaki peke yake nje kama kisiwa na kinywa chote kikawa nyuma ya mpira. Wengine hawaipendi, wanasema inawapa hofu. Naomba mwivumilie. Daktari akiuleta mpira ule kabla ya kompositi, jueni anataka kazi yake idumu.

Wataalamu wa Cochrane, jumuiya ya kimataifa inayopima tafiti za tiba, walikusanya tafiti za kulinganisha hizi mbili kwenye magego ya watu, mwaka 2014 na tena 2021, wakaona kompositi ilikuwa karibu mara mbili kwa kushindwa kuliko amalgamu, hasa kwa kuoza tena pembeni mwake. Wenyewe walisema ushahidi huo si imara sana, na nyingi ya tafiti hizo ni za zamani, gundi za leo ni bora. Lakini mimi nikiitazama kazi ya kila siku sishangai. Kompositi nzuri kwenye tundu la wastani, jino kavu, mkono usio na haraka, hukaa miaka kumi na zaidi. Kompositi ya haraka hudumu mpaka msimu wa kaskazi urudi.

Ya tatu wengi hamjaisikia, na ndiyo niipendayo zaidi kwa watoto wetu. Inaitwa glasi-ayonoma. Ni saruji ya meno, ya unga wa kioo maalumu na majimaji yenye asidi dhaifu. Ilitengenezwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukichanganya, hukaza yenyewe kwa dakika chache, bila taa, na hushikana na jino kwa kemikali, bila gundi ya pembeni. Humo ndani mna floraidi, madini yanayoimarisha jino, nayo hutoka kidogo kidogo kulinda ukingo wa tundu. Na mtoto akipiga mswaki kwa dawa yenye floraidi, ile saruji hunywa nyingine ikahifadhi. Nayo pia haitaki mate mwanzoni, lakini haihitaji jino liwe kavu kama jangwa. Unyevu wa jino lenyewe inauvumilia. Ninaikandamiza kwa kidole kilichopakwa vaselini, iingie kwenye mabonde yote, na vaselini ileile huilinda dakika za kwanza.

Na kuna jambo nataka mlijue, kwa kuwa ni fahari ya pwani hii ya Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu Tanzania, palianzishwa njia ya kuziba meno bila umeme, bila keekee wala maji ya bomba. Daktari hukwangua sehemu laini kwa vifaa vya mkono, kijiko kidogo na patasi ndogo, kisha huziba tundu na mabonde pamoja kwa saruji hii. Mtoto halii, kwa maana mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza glasi-ayonoma katika orodha yake ya dawa za lazima. Njia iliyozaliwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme leo hutumika Ulaya na Brazil. Kwa mtoto wa Kiunga au Mkokoni, ambaye safari ya kuja mjini ni siku nzima na nauli ya mashua, ndiyo njia inayoweza kumfuata alipo: sanduku moja na meza ya shule.

Udhaifu wake? Si ngumu. Kwenye tundu dogo la uso wa gego, tundu lililozungukwa na kuta pande zote, hufanya kazi vizuri sana. Tafiti za pamoja zimeonyesha kwamba katika magego ya maisha, kama nane katika kila kumi za namna hiyo bado zimekaa baada ya miaka mitano. Lakini tundu likifungua ubavu wa jino, kati ya gego na gego, pale hakuna ukuta wa kuishika, humeguka. Kwenye meno ya utotoni yenye tundu la namna hiyo, kama nne katika kila kumi hushindwa ndani ya miaka miwili. Pale sitaki kuwadanganya. Kwa gego la utotoni lililotoboka ubavuni napenda zaidi kofia ya chuma, ambayo huvalishwa jino zima bila kuchonga, kwa njia aliyoianzisha daktari wa Scotland, Norna Hall. Haipendezi macho, mtoto anaonekana na jino la chuma; lakini hukaa mpaka jino lenyewe ling'oke kwa wakati wake.

Dhahabu na kauri nazipita, kwani hutengenezwa maabara, gharama yake ni kubwa, na wachache humu watazihitaji.

Kuna jambo hapa linalomtatiza fundi wa jahazi, na ndugu mmoja wa Matondoni aliwahi kubishana nami juu yake. Alisema: "Sisi ubao ulioza hatuukalafati, tunautoa wote." Kweli. Lakini jino si ubao. Ndani ya jino mna kiini kilicho hai, chenye damu na mshipa wa fahamu. Zamani tulikuwa tukichimba mpaka sehemu laini yote iishe, na mara nyingi tulikitoboa kiini, jino likafa mikononi mwetu. Sasa, kwenye tundu la kina, tunasafisha kuta za pembeni mpaka ngumu kabisa, maana huko ndiko muhuri unakoshika, lakini pale chini karibu na kiini tunaacha tabaka jembamba laini na kulifungia. Vijidudu vilivyobaki chini hukosa sukari, hudhoofika, na jino hujijengea ukuta kutoka ndani. Haya yote yana sharti moja: muhuri usivuje. Mnaona tunarudi palepale.

Na kuna wakati ambapo swali la kuzibia kwa kitu gani limekwisha pita. Jino likikuuma ukinywa maji baridi na uchungu ukaondoka mara, hilo bado lazibika. Likikuamsha usiku wa manane likipiga kama ngoma, au shavu likavimba, kiini kimeshawaka moto. Hapo kuziba juu ni kumfungia mlango mtu nyumba ikiungua. Linahitaji kusafishwa mizizi au kung'olewa. Wale wanaoniomba niwazibie tu maumivu yaondoke, siwakatalii kwa ubaya.

Basi mkiniuliza mimi nichague nini, hivi ndivyo nifanyavyo. Mtoto wa miaka sita mpaka minane, gego jipya lenye mabonde meusi au tundu dogo: glasi-ayonoma, leo hii, bila kungoja liume. Hata kama halijatoboka, kama mabonde ni ya kina nayaziba kabisa yasiingie kitu. Kijana au mtu mzima mwenye tundu la wastani na jino linalokauka: kompositi, naye akubali kukaa kitini dakika arubaini bila kuniharakisha. Mtu mzima mwenye tundu lililoshuka chini ya ufizi, mate hayazuiliki, na anaishi Ndau na hawezi kurudi kila mwezi: huyo namwambia ukweli wote, na mara nyingine naweka glasi-ayonoma chini na kompositi juu yake, kwa sababu moja inavumilia unyevu na nyingine inavumilia kutafuna. Amalgamu kwa mtoto siweki. Kwa mtu mzima ambaye hakuna kingine kitakachokaa, bado haijanipotea mkononi, lakini takataka zake hazigusi sinki; zinakusanywa kwenye chupa iliyofungwa.

Kuhusu mswaki wa mti, maana najua nitaulizwa: ni mzuri, ni sunna, endeleeni nao. Lakini ncha yake hufika mbele kwa urahisi kuliko nyuma, na floraidi ya kutosha haina. Usiku kabla ya kulala, mtoto apigiwe mswaki kwa dawa yenye floraidi, na mkono wa mama ndio ufike nyuma. Mtoto wa miaka sita bado mkono wake haujui kufika kule. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi. Na juu ya kuziba jino wakati wa funga, nawaachia masheikh waliokaa hapa mbele watufundishe. Mimi ombi langu ni moja, jino lenye kuuma lisingoje mpaka Idi.

Walimu wangu, nyinyi nawaomba jambo jepesi. Darasa la kwanza na la pili, siku moja katika muhula, waambieni watoto wafungue vinywa mchana kweupe, muhesabu nyuma. Likionekana doa jeusi au tundu kwenye gego la mwisho, andikeni jina, tuleteeni.

Leo nimekuja na tochi, kioo kidogo na sanduku langu. Unga upo, majimaji yapo, vaselini ipo. Mashua ya Faza ina muda wa saa moja na nusu bado. Watoto wa miaka sita na saba waje upande huu wa baraza, mama zao wakae karibu yao. Naanza na huyu binti wa buibui dogo aliyekaa mlangoni, ambaye tangu nianze kusema ameshika shavu lake la kushoto.